Jitengenezee Nyaya za Muziki, Kuanzia Samburu Hadi Msambweni

Sebule nyingi za Kwale zina vyombo vizuri vya muziki vilivyofungwa kwa nyaya mbovu. Utakuta amplifaya ya maana na spika mbili za mbao zilizonunuliwa kwa jasho, halafu kati yake kumepitishwa kijiwaya chembamba kama uzi wa kushonea viatu, kimeungwa katikati mara mbili na kuzungushiwa tepu nyeusi iliyokwisha kulainika kwa joto. Mwenyewe akiona besi imekufa, analaumu spika. Akisikia mngurumo, analaumu amplifaya. Anakwenda mjini kununua chombo kingine, anarudi nacho, na kile kijiwaya anakichomeka palepale.

Nyaya za muziki wa nyumbani ni kitu ambacho mtu yeyote mwenye koleo, wembe, pasi ya kulehemu na subira ya alasiri moja anaweza kujitengenezea, na zikashinda nyingi zinazouzwa zikiwa tayari ndani ya plastiki inayong'aa. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya kazi za mikono tu. Katika kaunti hii waya huuawa na mambo matatu: wembamba, viungo vibovu na chumvi ya hewani. Ukitengeneza mwenyewe, yote matatu yamo mikononi mwako. Ukinunua waya wa bei kubwa kwa sababu ya jina lake, huenda hata moja lisiondoke.

Samburu ninayoisema ni hii yetu ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ukishapita Mariakani na Maji ya Chumvi, kabla hujafika Taru. Si ile kaunti ya Maralal. Hapa ni nyika. Jua ni kali, vumbi halina msimu, na ukijitenga kidogo na lami nyumba nyingi zinategemea sola na betri. Ukishuka Diani, Ukunda, Gazi na Msambweni, mambo hugeuka: laini ya umeme iko karibu zaidi, lakini hewa ina unyevu na chumvi inayokula kila chuma kisichofunikwa. Waya mmoja ukiukata nusu kwa nusu, nusu ukaifunga Samburu na nusu Msambweni, baada ya miaka michache hutaamini kwamba zilitoka roli moja. Kwa hiyo ushauri utabadilika kidogo kulingana na unakoishi.

Tuanze na waya wa spika, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Spika za nyumbani huwa na ukinzani wa omu 8, 6 au 4. Tazama nyuma ya kasha, imeandikwa. Waya nao una ukinzani wake, na nguvu inayomezwa na waya haifiki kwenye spika. Kanuni ambayo wengi wanaifuata ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ule wa spika: omu 0.4 kwa spika ya omu 8, omu 0.2 kwa spika ya omu 4. Hesabu yake haihitaji mhandisi. Chukua urefu wa waya kwa mita kutoka amplifaya hadi spika, zidisha kwa 0.035, kisha gawanya kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba. Jawabu ni omu, kwenda na kurudi pamoja.

Tuseme sebule yako inahitaji mita 8 kuifikia spika ya mbali. Ukitumia waya wa milimita za mraba 0.5, ule mwembamba wa nyekundu na nyeusi ambao umejaa madukani, unapata omu 0.56. Kwa spika ya omu 4 hiyo ni asilimia 14. Karibu thumuni ya nguvu yako imebaki ukutani ikipasha waya joto. Na hasara haiishii kwenye nguvu. Amplifaya hupoteza uwezo wa kuishika koni ya spika itulie baada ya mdundo, ndiyo maana besi huvuma mahali ambapo ilitakiwa kugonga. Sasa weka waya wa 1.5: omu 0.19, umo ndani ya mpaka. Weka wa 2.5: omu 0.11, na habari imekwisha. Kama spika ziko mita tatu au nne kutoka kwenye amplifaya, 1.5 yatosha. Zaidi ya hapo nunua 2.5 na usijisumbue tena na hesabu.

Waya huo si lazima uwe umeandikwa kwamba ni wa spika. Fleksi ya kawaida ya duka la vifaa vya umeme, yenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba, hufanya kazi hiyohiyo. Ikiwa na nyaya tatu ndani, tumia kahawia na buluu, na ule wa kijani na njano ukate pande zote mbili usiguse kitu. Usichukue ule mgumu wa uzi mmoja wa kuwekea umeme wa nyumba. Sauti utaipitisha bila shida, lakini ukiukunja mara kadhaa nyuma ya kabati unakatika ndani ya ganda na hutajua ulipokatikia. Na tafadhali, kipande chochote cha fleksi ulichokifanya waya wa spika kisikutwe kimefungwa plagi ya pini tatu. Mtoto akikichomeka ukutani, volti 240 zitaingia kwenye vyombo, au mwilini mwa mtu.

Dukani pana ulaghai wa kuangaliwa. Shaba ni ghali, ndiyo maana nyaya huibwa. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi nzima kukaa gizani, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa ili kuzuia wizi huo. Kitu cha thamani ya namna hiyo hakiuzwi kwa bei ya kutupa. Ukiona roli kubwa ya waya mnene kwa bei ya maandazi, ujue ndani mna alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa macho inadanganya kabisa. Uzi mmoja ukwangue kwa wembe: shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani, hii nyingine itaonyesha weupe. Shika uzi mwembamba kwenye ulimi wa moto wa kiberiti cha gesi: shaba itawaka nyekundu na kubaki imesimama, alumini italegea na kukatika, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi ilhali shaba inangoja zaidi ya 1,080. Hata mkono unaweza kukuambia, maana alumini ina uzito usiofika theluthi moja ya ule wa shaba.

Je, waya huo wa alumini haufai kabisa? Unafaa kwa shida. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba, kwa hiyo panda unene: mahali pa 1.5 weka 2.5. Tatizo langu nao ni viungo. Hukatika upesi ukikunjwa, na pale ganda la shaba lilipokwanguka, risasi ya kulehemu haishiki na kutu nyeupe inaanza, hasa karibu na bahari. Mimi kwa Diani siununui hata kidogo. Wala usinunue shaba ya magendo inayotembezwa kwenye gunia. Huenda ni simu au umeme wa kijiji cha jirani. Nunua waya wenye nembo ya KEBS na jina la kiwanda limechapishwa kwenye ganda.

Kwa upande wa pili wako wanaoamini kwamba sauti nzuri iko kwenye nyaya za fedha na shaba iliyosafishwa kwa miujiza. Hadi miaka ya 1970 watu duniani kote walifunga spika zao kwa waya wa taa na hawakuona aibu. Biashara ya waya wa kifahari ilishika kasi baada ya Noel Lee kuanzisha kampuni ya Monster Cable huko Kalifonia mwaka 1979. Mwaka 2007 mwanamazingaombwe James Randi, aliyekuwa akiwaumbua matapeli, aliahidi dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha kwa masikio tu nyaya za kampuni ya Pear, zilizouzwa dola 7,250 kwa jozi ya futi 12, na nyaya za kawaida za madukani. Jaribio lile halikufanyika. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi. Shaba iliyoondolewa oksijeni huizidi ile ya kawaida kwa asilimia moja, pengine isifike. Ukipanda kutoka 1.5 kwenda 2.5 unapata zaidi ya asilimia 60. Huo ndio ushauri wangu wote kuhusu nyaya za kifahari.

Sasa niwageukie wale wa Samburu, Taru na vijiji vya Kinango wanaopiga muziki kwa betri. Wengi mna redio ya gari iliyofungwa kwenye kisanduku cha mbao, spika mbili za inchi sita, betri ya volti 12 na paneli juu ya paa. Ni mpango mzuri. Redio ya gari hutoa sauti safi, na ukiacha inveta za bei rahisi zinazotia mlio kwenye kila kitu, unapata muziki usio na mngurumo hata kidogo. Lakini kwenu ninyi waya wa spika si waya wa kwanza kuutazama. Wa kwanza ni ule unaotoka kwenye betri.

Rudi kwenye ile hesabu. Betri iko jikoni, redio iko sebuleni, mita 6. Waya uliotumika ni wa 0.75. Omu 0.28, kwenda na kurudi. Redio ikivuta ampea 5 besi inapogonga, unapoteza volti 1.4 njiani. Betri yenye volti 12.2 inafika kwenye redio ikiwa na 10.8, na ndipo taa za redio hufifia kwa kila mdundo, au redio inajizima na kujiwasha yenyewe. Mwenye redio huambiwa na mafundi kwamba betri imekufa. Anauza mbuzi, ananunua betri mpya, na taa zinaendelea kufifia. Badala ya hivyo, weka waya wa milimita za mraba 4 au 6: kwa 6 hasara inashuka hadi volti 0.2 hivi. Au sogeza betri, ambayo ni dawa ya bure. Mita 2 badala ya 6 hupunguza hasara hadi theluthi moja kabla hujanunua chochote. Lakini betri ya maji isikae kwenye chumba kisicho na hewa, kwa sababu ya gesi inayotoka ikichajiwa.

Kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, weka fyuzi. Redio nyingi za gari zina fyuzi ya ampea 10 au 15 nyuma yake. Weka ya ukubwa huohuo upande wa betri. Ile ya nyuma ya redio hulinda redio peke yake. Panya akitafuna waya katikati ya njia na shaba zikagusana, betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea pale palipogusana, na nyumba ya makuti au ya miti na udongo haihitaji cheche mbili. Katika makala yote haya, kama kuna sentensi moja ya kufuata bila kubishana, ni hiyo ya fyuzi.

Nyaya za kuunganisha simu, runinga, deki au king'amuzi na amplifaya zina tabia nyingine kabisa. Humu hamna nguvu ya kupotea, umeme wake ni mdogo mno. Adui ni kelele. Waya huu huokota mngurumo wa umeme wa nyumba na mlio wa chaja, na amplifaya inaukuza pamoja na muziki. Kwa hiyo uzi wa sauti lazima uzungukwe na kinga ya nyuzi za shaba zilizosukwa, au angalau zilizozungushwa.

Nunua waya wa maikrofoni. Pwani hii haukosekani, kwa kuwa kila msikiti, kila kanisa na kila mwenye mitambo ya harusi anautumia, nao umetengenezwa kwa ajili ya kukanyagwa na kukunjwa. Ndani una nyuzi mbili zenye maganda na kinga inayozizunguka. Uzi mmoja uwe wa sauti, wa pili uwe wa kurudi, na kinga iungwe na ule wa kurudi upande wa chombo kinachotoa sauti, upande wa amplifaya ikatwe na kufunikwa. Wengine huiunga pande zote mbili na hawapati shida. Jaribu yote mawili nyumbani kwako, ubaki na lile lenye ukimya zaidi.

Watu huniuliza kuhusu waya wa antena ya dishi, maana mabaki yake yako kila nyumba. Kwa umeme hauna ubaya: kinga yake ni nzuri na hauli sauti za juu. Shida ni kwamba kinga yake mara nyingi ni ya alumini, na risasi haishiki kwenye alumini hata uilazimishe vipi. Uzi wa katikati nao mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Ukitaka kujua, sogeza sumaku. Ukiwa na wa zamani wenye kinga ya shaba tupu, utumie bila wasiwasi. Wa kisasa uache juu ya paa.

Vichwa vya nyaya hizi za sauti ni vile tunavyoita pini za AV, nyekundu na nyeupe. Vimerithi jina la RCA kutoka kampuni ya redio ya Marekani iliyovianzisha katika miaka ya 1930, na havijabadilika sana tangu hapo. Nunua vya chuma, vyenye koti la kufungua kwa kuzungusha na meno ya kubana waya kwa ndani. Vile vya plastiki tupu huyeyuka pasi ikikaa sekunde mbili zaidi. Pini ya katikati ni sauti, duara la nje ni kurudi. Nyekundu ni kulia, nyeupe au nyeusi ni kushoto. Kwa jeki ndogo ya simu, ncha ni kushoto, pete inayofuata ni kulia, shina ni kurudi.

Kama amplifaya yako ina mlango mmoja tu wa sauti, usiunge kushoto na kulia ya simu moja kwa moja ukadhani umepata njia ya mkato. Pande mbili zitasukumana na sauti itaharibika, pengine na simu. Weka rezista moja ya omu 1,000 kwenye kila upande, kisha ndipo uziunganishe. Rezista mbili zinaingia ndani ya koti la pini.

Na kama umerithi deki ya kaseti au redio ya zamani ya Ulaya yenye tundu la duara la pini tano, huku kabati limejaa kaseti za taarabu zenye muhuri wa Mbwana Radio Service ya Mombasa, hutapata waya wake dukani kwa urahisi. Utengeneze. Namba ziko kando ya pini: 2 ni kurudi, 3 ni kushoto na 5 ni kulia kwa sauti inayotoka. Sauti ya mwimbaji Zuhura Swaleh haina haja ya kufungiwa kabatini kwa kukosa waya wa nusu mita.

Kulehemu ndiko kunakowatisha watu, na hakuna sababu. Pasi ya wati 40 inatosha kwa pini. Kwa waya wa spika mnene chukua ya 60. Risasi nzuri ya kuanzia ni ile ya bati 60 kwa risasi 40 au 63 kwa 37, yenye dawa ndani yake. Huyeyuka karibu na nyuzi 183 hadi 190 na husamehe mkono usio na uzoefu. Ile isiyo na madini ya risasi inataka zaidi ya 217, si ya mwanafunzi. Usitumie dawa ya mafundi wa mabomba na mabati. Ina tindikali, na tindikali haiondoki. Kiungo kitakuwa kizuri leo na kijani kabla ya masika.

Kabla ya kushika pasi, vua koti la pini ulivishe kwenye waya. Lifanye kuwa jambo la kwanza kila mara, maana ukimaliza kulehemu halipiti tena. Menya ganda kwa wembe bila kukata nyuzi. Zisokote, zipake risasi kidogo peke yake, na pini nayo ipake peke yake. Kisha zikutanishe, gusa kwa pasi, hesabu moja hadi tatu, ondoa pasi na usitikise hadi risasi igande. Siri ni kupasha moto chuma, risasi ikayeyuka kwa kugusa chuma hicho. Ukiyeyushia risasi kwenye pasi na kuidondosha juu ya waya baridi, utapata tone linalokaa juu bila kushikana na kitu. Kiungo kizuri hung'aa na kutandaa. Kibovu huwa duara, chenye rangi ya majivu, na hukatika ukivuta. Vuta kila kiungo. Kikikatika mkononi mwako, kimekufanyia hisani. Mwisho funga meno ya pini juu ya ganda ili uzito wa waya usibebwe na risasi. Nawa mikono kabla ya kula, na usifanyie kazi hii kwenye meza ya chakula.

Jambo moja watu hulikosea: ncha za waya wa spika zinazobanwa kwa skrubu zisipakwe risasi. Risasi ni laini, hubonyea polepole chini ya skrubu, na baada ya miezi kadhaa waya umelegea. Sokota shaba tupu uibane, au tumia vifuniko vya kubana kwa koleo, au pini za ndizi.

Walio ufuoni wana kazi ya ziada. Shaba tupu huko Diani huanza kuwa nyeusi kisha kijani, na chumvi hupanda ndani ya ganda kupitia nyuzi. Kama unaweza kupata waya wa shaba iliyopakwa bati, ule mweupe unaotumika kwenye mashua na boti, chukua huo hata kama ni ghali. Hapa bei inalipa. Kila kiungo kivishwe kimpira kinachosinyaa kwa moto, na kama kipo chenye gundi ndani ni bora zaidi. Tepu nyeusi haifai kwa joto letu, gundi yake huteleza. Pini zilizopakwa dhahabu ni moja kati ya mapambo machache yenye kazi ya kweli hapa pwani: dhahabu haishiki kutu. Haikuongezei utamu wa sauti, ila inakuondolea ile mikwaruzo ya kila mara unapogusa waya. Paka mafuta ya Vaseline kidogo juu ya skrubu za spika baada ya kuzikaza.

Wengine hujaza silikoni ya dukani kwenye viungo. Inuse kwanza. Ikinuka siki, isikaribie shaba, kwa sababu inapokauka hutoa tindikali ya siki, nayo hula waya ukiwa umefunikwa kwa uzuri kabisa na huoni. Iko aina isiyonuka siki. Hiyo ndiyo ya kazi hii.

Nyumba za makuti zina panya, na panya hupenda ganda la plastiki. Pitisha nyaya ndani ya mabomba meupe ya umeme ya milimita 20, ambayo ni rahisi na huzuia meno. Nyaya za sauti zisilale sambamba na za umeme wa nyumba kwa mita nyingi. Zikilazimika kukutana, zikatize kama msalaba. Kwa nyaya za umeme wenyewe usiguse kitu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA.

Kabla ya kuwasha, pima. Mita ndogo ya mkononi ya kupimia umeme yatosha. Iweke kwenye mlio, gusa ncha na ncha: pini ya katikati kwa pini ya katikati ilie, duara kwa duara ilie, pini kwa duara inyamaze kabisa. Ikilia hapo, kuna uzi umegusa pasipotakiwa. Kwa waya wa spika hilo ni jambo zito, kwani chanya na hasi zikigusana, transista za amplifaya zinaweza kuungua kabla hujafika kwenye kitufe.

Kisha hakikisha spika zote mbili zinasukuma pamoja. Chukua betri ndogo ya volti 1.5 na, ukiwa umetoa waya kwenye amplifaya, gusisha chanya ya betri kwa waya wa chanya na hasi kwa hasi, kwa kitambo tu. Koni ya spika itaruka nje. Fanya hivyo kwa zote mbili. Moja ikiruka nje na nyingine ikiingia ndani, umegeuza waya mahali fulani, na ukiziacha hivyo besi ya upande mmoja itaimeza ya upande wa pili. Ugonjwa huu nimeukuta kwenye nyumba nyingi kuliko mwingine wowote, na tiba yake ni kugeuza ncha mbili.

Mngurumo ukibaki baada ya yote hayo, chomoa nyaya za sauti moja moja nyuma ya amplifaya hadi unyamaze. Uliouchomoa mwisho ndio wenye kesi. Mara nyingi ni ule unaotoka kwenye runinga iliyounganishwa na dishi, au kompyuta inayochajiwa. Chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja ya ukutani uone kama utapungua. Lakini usikate waya wa ardhi wa plagi kutafuta ukimya, hata fundi akikuambia. Waya ule uko pale kwa ajili ya maisha yako.

Kwa hiyo orodha ya kwenda nayo Mombasa, au Ukunda kwa walio karibu, si ndefu: fleksi ya shaba ya 2.5, waya wa maikrofoni, pini za chuma, risasi, pasi, mpira wa kusinyaa, mita ya kupimia, na fyuzi kwa wenye betri. Kama mwezi huu una pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiyo mita ya kupimia. Nyaya ulizonazo tayari ndizo za kupima kwanza, na huenda spika uliyokuwa unataka kuiuza haina kasoro yoyote.